Udongo wa Jeanine Hauna Mtoto wa Kuubeba

Asubuhi, ukungu bado uko juu ya ziwa. Jeanine amepiga magoti pembeni ya maji, anachimba udongo kwa mikono. Anatoa vijiwe, anaukanda, anaufunga ndani ya kitenge. Leo hakuna mtoto wa kumsaidia kubeba.

"Mbele balikuwa banakuya mbio, hata na njala," anasema. "Sasa bananiona, banapita mbali. Bamama yabo banabakataza."

Jeanine alikimbia vita Kongo. Anauza vitumbua sokoni. Kila likizo ya Agosti anaacha meza yake na kufundisha ufinyanzi kwenye kambi ya watoto ya kanisa, hapa Kafutuma. Halipwi kitu.

Mwaka huu aliwaambia watoto wafinyange mtu wanayemkumbuka. Méschac, mtoto wa miaka tisa, akamfinyanga dada yake Chouchou, aliyezama katika ziwa hili wakivuka kwenda Kilwa. Akamvisha kipande cha gauni lake. Jioni akampeleka nyumbani, akamlaza chini ya kitanda cha mama yao, Pierrette.

Pierrette alikuwa akifagia alipomkuta. Mtu wa udongo, nguo ya marehemu, chini ya kitanda: huku hakuna anayeuliza mara mbili, ni uchawi. Akapiga kelele mpaka kambini.

"Weye Jeanine, mulozi! Mutoto yangu alikufa, sasa unanitafuta na miye?"

"Mama Chouchou, ni Méschac alimutengeneza. Anamukumbuka dada yake."

"Nyamaza! Usitaje batoto yangu!"

Méschac alikuwa pale, analia. Kwa woga akajificha nyuma ya wenzake. Mchungaji akachukua mchi, akavunja kazi zote za watoto mbele yao. Kambi ikafungwa.

Sokoni wamepata mchezo. Willy, muuza sabuni, anamwita kila asubuhi: "Mama Jeanine, mu vitumbua hamuna mutu ndani?" Watu wanacheka. Hawanunui.

"Pierrette namuelewa, aliumia," anasema Jeanine. "Lakini ba kanisa, benye balinituma kufundisha, hata mumoya hakusimama. Balikuwa banaangalia viatu yabo."

Anajitwika mzigo kichwani. Hauendi sokoni.

"Napeleka kwa Pierrette. Nitamwambia, kamata, mufinyange mutoto yako na mikono yako mwenyewe, weye na Méschac. Akinifukuza, nitauacha pa mulango. Kesho nitarudi kuumwagia maji, usikauke."