Pengo la Mkiani

Verlon Beal alikuwa haambiliki juu ya miwani. Nadine, mtoto wa dada yake aliyefanya naye kazi botini, alimnunulia mara mbili. Ya kwanza ilizama, ya pili ilikaa mfukoni ikila chumvi. Nadine alitia chambo mitegoni na kuwafunga kambakoche raba kwenye magando. Lakini kusoma mkia ilikuwa kazi ya nahodha, na nahodha hakumwachia mtu.

Kusoma mkia ndiko kulikoilisha Bandari ya Corley tangu enzi za mababu. Ukimpata jike mwenye mayai, unamkata pengo dogo kwenye pezi la mkia, unamrudisha baharini. Tangu siku hiyo hauzwi tena, awe na mayai asiwe nayo, hata akinaswa na mwingine. Ni mama, anaachwa azae. Shida ni kwamba kila akijivua gamba pengo linajaa kidogo, mpaka kinabaki kibonde tu chenye vinyweleo. Hata kibonde hicho ni pengo. Hapo ndipo macho yanapotakiwa.

Hakuna aliyeipigania desturi hiyo kama Verlon. Wanunuzi wakubwa walipotaka sheria ilegezwe ili mzigo uongezeke, yeye, mtu asiyependa kusema mbele za watu, alisimama mkutanoni akawauliza watoto wao watakuja kuuza nini, mawe? Na mvuvi mwenzake Elwood Strout alipokutwa na jike mwenye pengo, ni Verlon aliyetoa hoja kwenye ushirika wa wavuvi kwamba mtu yule asipewe tena kiti kwenye kahawa ya asubuhi. Miaka ikapita, Elwood akinywa kahawa yake nje, juu ya pipa la chambo.

Mwaka huu maji yalikuwa na joto, kambakoche wakahamia kina kirefu. Mafuta ya boti yalipanda, bei ya gatini ikashuka. Mitego ilipanda na kaa na matope. Kwa hiyo ulipopanda mmoja wenye jike mnene, Verlon alimgeuza, akautupia mkia jicho, akamtia sandukuni.

"Mjomba, huyo umemwona vizuri?"

"Nilikuwa nawaona kabla hujazaliwa."

Gatini walimkuta Curtis, askari wa uvuvi, mwenyeji wa bandari ya jirani. Alipekua masanduku bila haraka. Akamnyanyua jike mmoja, akapitisha ukucha kwenye ukingo wa pezi.

"Mzee Verlon, huyu ana pengo."

"Hana."

"Pitisha kidole."

Verlon akapitisha. Kibonde kilikuwapo, na vinyweleo vyake. Damu ikampanda kichwani. Akasema yote yaliyomjaa kifuani: mapengo aliyokata maisha yake yote, kwamba hata hili huenda ni la mkono wake, kwamba mameli huko nje yanakwangua bahari mpaka sakafuni na hakuna anayeyapekua. Curtis alisikiliza huku akiandika faini.

"Najua, mzee. Baba yangu wewe ndiye uliyemfundisha kukata," akasema. "Lakini akionekana mwingine, leseni yako inakwenda."

Verlon alimrudisha yule jike majini mwenyewe. Hakumtupa, alimshusha.

Asubuhi yake habari ilikwisha kufika kwenye chumba cha kahawa kabla yake. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akingoja waseme. Alikuwa amejiandaa kutolewa. Badala yake Clayton, mwenyekiti wa ushirika, alimsogezea kiti kwa mguu.

"Kaa, bwana. Uzee haujawa jinai."

Mmoja akamuuliza kama alipanga kumchemsha yule jike au kumchoma. Wakacheka. Kicheko chao kilimuudhi kuliko faini. Akawaambia sheria ni ile ile, kama walimtoa Elwood basi na yeye wamtoe. Clayton akajibu huku akitafuna kwamba Elwood ni Elwood, na Verlon ni Verlon, na donati zinakwisha.

Verlon akachukua kikombe chake, akatoka nje.

Elwood alikuwa juu ya pipa lake. Hakusogea.

"Wamenipa kiti," Verlon akasema.

"Nimesikia wakicheka."

"Jambo lako lile, Elwood. Lilikuwaje?"

Elwood akamwaga machicha ya kahawa kati ya mbao za gati. "Leo ndiyo unauliza? Kulikuwa na mvua, sikuona vizuri. Nilisema siku ile. Ukaniambia macho si kisingizio."

Verlon aliyakumbuka maneno hayo, neno kwa neno. Alitaka kuomba radhi. Akaishia kusema atalipeleka jambo hilo mkutanoni, kiti kirudishwe.

"Usijisumbue," Elwood akasema. "Huku nje kuna hewa. Na pipa hili, bwana, halikai wawili."

Verlon akanywa kahawa yake akiwa amesimama, kisha akashuka botini. Nadine alikuwa amekwisha washa injini. Verlon akachomoa koleo la kukatia mapengo kutoka kwenye msumari wake karibu na usukani, akampa bila kumtazama.

"Soma wewe."

Mtego wa tatu ulipanda na jike mkubwa, wa kulipia mafuta ya siku nzima. Nadine akauinamia mkia, akaugeuzia kwenye mwanga, akapapasa kwa kidole gumba. Kisha akamtupa baharini.

"Alikuwa nalo?"

"Alikuwa nalo."

"Kubwa?"

"Mjomba, vaa miwani au endesha boti."

Akaendesha boti. Alitukana kimoyomoyo: bahari, wanunuzi, mameli, Clayton na donati zake. Mbele likatokea boya la mtego likichezea wimbi. Akakodoa macho, akasogea, akakodoa tena. Kila mvuvi hupaka maboya yake rangi zake; hili lilikuwa na rangi mbili, hilo aliliona, lakini kama zilikuwa rangi zake au za Elwood hakuweza kuapa. Akatia mkono mfukoni. Miwani ilikuwa imegandamana na chumvi, haikutaka hata kufunguka.