Magitaa Kumi na Moja

Kaka yangu ametengeneza magitaa ya umeme miaka ishirini na miwili, kwenye meza moja na mimi ninayetengeneza redio. Kabla ya hapo alipiga gitaa katika bendi, akisimama kila wiki hatua mbili kutoka kwenye spika. Besi ikivuma hadi noti hazitofautiani, yeye huiita "uji", na dawa yake anaijua. Kwanza huzungusha skrubu ya kinasa sauti, kile kipande chenye sumaku chini ya nyuzi, ili upande wa nyuzi nene ushuke. Uji usipoisha, hulehemu kapasita ndogo kwenye waya wake, besi ipungue. Kila kitu hukiandika daftarini: mizunguko ya skrubu, namba ya kapasita, tarehe.

Mwezi wa tatu, mpiga gitaa mmoja tunayemwita Kijiti alirudi mara ya tatu na gitaa lilelile.

"Fundi, safari hii umenimaliza. Linalia kama kopo."

"Kopo gani? Bado lina uji." Kaka alipiga uzi mnene. "Sikiliza hiyo."

"Nasikia ukali tu, mpaka kwenye meno."

"Basi masikio yako yamezoea vibaya."

"Yangu?" Kijiti alinigeukia. "Mdogo wa fundi, hebu sema wewe."

Tangu mwaka uanze nilikuwa nikimwona kaka akiiacha birika ikipiga filimbi hadi maji yanakauka. Nikanyamaza, kwa sababu kazi hii ndiyo aliyobaki nayo. Sasa nikasema, "Kaka, besi umeitoa yote."

Hakubisha. Alivuta daftari, kidole kikashuka mstari kwa mstari. Tangu mwezi wa kumi, magitaa kumi na moja ya watu mbalimbali, yote ameyaandikia kosa lilelile. Zamani uji ulikuja mara mbili au tatu kwa mwaka.

"Yote haya hayawezi kuumwa ugonjwa mmoja," alisema. "Mgonjwa ni mimi."

Kijiti alianza kucheka, akaacha.

Mpimaji wa masikio alisema sauti nyembamba zimekwenda na hazitarudi. Zilizobaki ni zile nene. Kwa wiki mbili kaka aliwafuata wenye magitaa mmoja mmoja. Alitoa kapasita, akarudisha skrubu kwa hesabu ya daftari, bila kuwasha amplifaya hata mara moja. Wawili walimkataza kugusa tena vyombo vyao.

Siku hizi anabadilisha nyuzi na kulehemu waya zilizokatika. Mteja akileta uji, ananisukumia bisibisi, anageuza kiti kuelekea ukutani.

Jana nilimwuliza nizungushe skrubu mara ngapi.

"Nusu mzunguko. Kisha usikilize."

Nikazungusha, nikasikiliza. Hakuuliza nimesikia nini.