Mbelgiji wa Anicet Losa

Siku za kazi Anicet Losa alikuwa fundi baiskeli katika soko la Arua. Jumamosi alasiri, katika ukumbi wa parokia, alikuwa Mbelgiji. Aliwahi pia kuwa chifu, padri, mwindaji wa tembo na, siku ile Sidonie, mwigizaji mwenzetu, alipougua ghafla, bibi harusi. Lakini Mbelgiji ndiye tuliyempenda zaidi. Anicet alikuwa mrefu, mwembamba, na sauti yake ilifika barabarani bila yeye kujitahidi.

Kikundi chetu kilianza mwaka 1971. Tulikuwa saba, wengi wetu watu wa kuja. Anicet na mkewe Kavira walikimbia vita vya Kongo mwaka 1964. Mimi, Victoria, nilivushwa mpaka wa Sudan nikiwa mgongoni mwa mama. Kavira alitushonea mavazi. Koti la Mbelgiji alilitengeneza kwa magunia ya unga, akayachemsha hadi maandishi yakafutika, isipokuwa herufi mbili mgongoni. Ndiyo maana Anicet alijifunza kutowageuzia watazamaji mgongo.

Michezo alitunga yeye, na kwa njia yake mwenyewe: kwanza aliandika riwaya nzima, kisha akachota mchezo kutoka humo. Babu yake alikuwa mpagazi wa meno ya tembo wakati Wabelgiji walipotawala upande huu, kabla ya Waingereza, na Anicet alitaka kujua watu wale walicheka nini, waliogopa nini, waliitanaje. Aliandika katika daftari za shule, kibandani kwake, kati ya mteja mmoja na mwingine, na kurasa zikanuka grisi. Kavira alisoma kila kitu wala hakumbembeleza. Katika daftari la tatu wapagazi walitembea siku nne bila kutajwa chungu. "Hawa watu yako," alimuuliza, "wanakula saa ngapi?" Anicet akarudi kuwapikia.

Mwaka 1974 tulialikwa kucheza Koboko, katika uwanja wa shule. Askari walikaa mstari wa mbele. Anicet akatoka kifua mbele, akawakagua wapagazi, kisha akaanza kujivisha nishani, ambazo zilikuwa vizibo vya soda. Alipofika nishani ya tano watu walikuwa wanajifuta machozi kwa kicheko. Hapo sajini mmoja akasimama. Aliuliza taratibu, bila hasira, ofisa huyu ni nani.

Siku zile rais wetu mwenyewe alikuwa mwanajeshi wa kifua kilichojaa nishani, na swali kama hilo liliweza kumpoteza mtu. Nilikuwa nyuma ya pazia nimeshika beseni, na nilimwona Anicet akizifunika nishani kwa kiganja.

Aliyejibu alikuwa bibi mmoja aliyeketi kwenye mkeka pembeni. Baadaye tuliambiwa anaitwa Hawah, wa Lurujo. "Mimi najua yeye," alisema. "Iko Mubeleji ya zamani, alikaa karibu na kwetu mimi nikiwa mutoto. Lakini huyu mutu nacheza mubaya. Ile Mubeleji mguu moja ilikuwa mugonjwa. Hapana tembea kama jogoo."

Watu wakacheka kwa hofu, halafu wakacheka kweli. Sajini alimtazama bibi, akamgeukia Anicet. "Umesikia mama. Tembea vizuri." Akakaa. Anicet akachechemea mpaka mwisho wa mchezo.

Tulipomaliza alikwenda moja kwa moja mkekani. Nilidhani anakwenda kushukuru. Alipiga goti mbele ya bibi, akauliza, "Mguu gani, mama?"

Ulikuwa wa kushoto. Tangu hapo kila mwezi alipanda baiskeli hadi Lurujo, na sukari aliyofungiwa na Kavira, akamsomea Hawah riwaya yake akiigiza watu wote, hata mbuzi. Hawah alimkatiza kila ukurasa. Siku moja alimwambia kuwa Mbelgiji yule alipanda vitunguu na kuwagawia watoto, na kwamba jino lilipomuuma alilia mbele za watu. Anicet hakupenda. Alikuwa amemfanya mtu mwovu tangu sura ya kwanza, na vitunguu vilimharibia. Akauliza kama si mtu mwingine. Hawah akamwambia ni huyo huyo, na ndiye aliyechoma ghala za mjomba wa Hawah mwenyewe, mwaka huo huo wa vitunguu. "Yote mbili ni yeye," alisema.

Anicet alianza upya, na safari hii akamtia Hawah mwenyewe ndani ya riwaya, na usemi wake. Ilimchukua miaka mitatu. Hawah alifariki mwaka 1977, sura ya mwisho ikiwa bado, na Anicet akaikamilisha bila mtu wa kumkatiza. Aliniambia hiyo ndiyo sura asiyoiamini.

Alipeleka riwaya kwa wachapishaji Nairobi. Walimjibu kwa heshima kwamba hadithi ni nzuri, ila Kiswahili cha wahusika, hasa cha bibi mmoja, lazima kisahihishwe. Jumapili nzima alikaa na kalamu nyekundu juu ya sentensi ya kwanza ya Hawah. Jioni aliifunika kalamu. "Nikimsahihisha, si yeye tena," alimwambia mkewe, akarudi kwenye tairi zake.

Juni 1979 vita vilivyomng'oa rais vilitukaribia, na Arua yote ikavuka kwenda Zaire. Kikapu cha Kavira kilikuwa kimoja. Alitoa cherehani yake ya mkono, akapanga daftari chini, akamwaga unga wa muhogo juu. Anicet alimsihi arudishe cherehani. Ndiyo iliyowalisha miezi ambayo baiskeli hazikuharibika. Kavira alijitwika kikapu. "Cherehani nitapata ingine," alisema, akatangulia.

Ariwara, ng'ambo ya mpaka, walipokelewa na mwalimu Raphaël, mpwa wa Anicet. Watu wa Arua na Koboko walijaa pale, hawana la kufanya mchana kutwa, na Anicet akawasomea mpaka sauti ikakauka. Waliotoka Koboko walimsikia Hawah, wakamtambua kwa usemi wake kabla hajatajwa jina. Raphaël akaomba mashine ya kurudufu ya shule, akatoa nakala arobaini. Zilikwisha kwa wiki moja. Yangu ninayo. Jalada limechanika, na jina lake limeandikwa "Anisete", jambo lililomuudhi kuliko barua ya Nairobi.