Kamba Iliyobaki Korongoni

Watu hudhani kazi yetu ilikuwa kuvuta magari. Ni kweli tuliyavuta, lakini sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kusimama matopeni na kusikiliza. Dereva aliyekwama ana maneno yake, na ni yale yale, awe bwana shamba, awe karani wa pamba, awe mwenye duka anayepeleka chumvi vijijini: "Jana nilipita hapa, palikuwa pakavu." Nilikuwa najibu, "Ndiyo bwana," kisha nachukua sepeto. Mgongo huu unaonikatalia kuinama kufunga viatu niliupata huko. Au ni uzee tu. Siwezi kusema kwa hakika.

Nilisoma mpaka darasa la nne, kwa hiyo nitaandika nilichokiona. Nilichoambiwa nitasema niliambiwa.

Gereji yetu ilikuwa Korogwe, upande wa Masuguru. Mwenyewe alikuwa Mhindi, Mwislamu, mtu wa maneno machache aliyekunywa chai yake amesimama. Baada ya Uhuru, Landrova nyingi zilizokuwa za mashamba ya mkonge ziliingia mikononi mwa maofisi, na maofisi yalitaka ziende mahali ambapo hata ng'ombe wa Wamasai walipazunguka. Tukawa tunazitengeneza kwa safari hizo. Tuliinua springi, tukachomelea vyuma chini ya injini zisitobolewe na visiki, tukafunga ndoano nene mbele na nyuma, na juu ya paa tukaweka kichanja cha kubebea mbao mbili za mvule, sepeto, panga na jeki.

Kamba tulisuka wenyewe kwa katani. Mnyororo ukikatika huruka kama nyoka aliyekanyagwa, haukuulizi. Kamba ya katani hulalamika kwanza. Unaisikia, unapata nafasi ya kukimbia. Ubaya wake ni mmoja. Ikilowa inavimba, na fundo lililokazwa ndani ya maji halifunguki tena. Utalikata au utaliacha.

Na kila dereva tuliyemkabidhi gari tulimwambia: mbugani husimami. Udongo mweusi wa Handeni hukuvumilia ukitembea. Ukisimama, umekushika.

Masika ninayoikumbuka, mwenye gereji alituweka Handeni, mimi na dereva wangu, Msambaa mmoja wa Mkumbara ambaye hakujua kunyamaza. Mhindi alisema tukae karibu na matope. Ilikuwa miaka ile ya watu kuhamia vijiji vipya. Tulipokuwa tukipita porini tuliona mahame: nyumba zimeezuliwa, mipapai bado inazaa, hakuna wa kuchuma.

Asubuhi moja akaja mtu na baiskeli, matope yamempanda mpaka mapajani.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Nani amekwama?"

"Bibi."

"Bibi siku hizi anaendesha gari?" dereva wangu akauliza.

"Bibi ni maiti," yule mtu akasema. "Lililokwama ni gari."

Dereva wangu akasema "Innalillahi" akaenda kuwasha gari.

Njiani tuliambiwa habari yenyewe. Bibi alifia Korogwe kwa binti yake. Mwanawe wa kiume, anayefanya kazi kwenye mitambo ya umeme Hale, alikuwa amemwahidi kwamba atazikwa kwao mahameni, kando ya kaburi la mumewe. Mwenyekiti wa kijiji kipya alikubali kwa sharti moja: azikwe na watu wote wawe wamerudi kijijini kabla ya jua kuzama. Ikishindikana, atalala makaburi mapya, ambako hana mtu.

Mwenyekiti huyo alisemwa sana baadaye. Haki yake nimpe: hakulazimika kukubali. Juu yake walikuwepo wakubwa waliouliza kila mara kama watu wanarudi mahameni, na moshi mmoja tu ukionekana kule, wa kujibu alikuwa yeye.

Tulifika adhuhuri. Landrova ilikuwa imekaa katikati ya mbuga, matope yamefika kwenye milango. Niliitambua, tuliitengeneza sisi. Wanaume walikuwa wameshaliondoa jeneza, wamesimama nalo mabegani, wanapokezana, maana hakuna aliyetaka kumlaza mama wa watu kwenye tope. Mwenyekiti alikuwa miongoni mwao, amebeba pembe ya nyuma.

"Ulisimama," nikamwambia dereva wa gari lile.

"Nilisimama."

"Tulikuambia nini?"

"Mliniambia. Lakini tazama mwenyewe, fundi. Ningempita vipi yule?"

Alinyoosha kidole. Palikuwa na mwanamume mnene amejifunga khanga za marehemu, amejitanda kichwani, anachechemea huku na huko kama, niliambiwa, bibi alivyochechemea. Nikaelewa. Alikuwa mtani wa ukoo wao. Alikuwa amejilaza njiani mbele ya gari, akasema maiti haipiti mpaka alipwe jogoo, kwa sababu bibi aliahidi kumfundisha kusuka ukili na sasa anatoroka. Kwa Wazigua, wenyeji wa Handeni, na hata kwetu, mtani akizuia msiba hapitwi. Unasimama, unabishana naye, unampa kitu, watu wanacheka kidogo na machozi yanapungua. Ila yeye alichagua kujilaza pale mbugani. Dereva akashika breki kwa adabu, na kwa adabu hiyo hiyo gari likazama.

"We fundi," mtani akaniita kwa sauti nyembamba ya bibi, "mjukuu wangu, umekuja kunivuta au kunitazama?"

"Nimekuja kuvuta gari, bibi."

"Gari liache. Nivute mimi, nimemchelewa mume wangu, asije akaoa huko."

Watu walicheka. Mtoto wa marehemu pia alicheka, nilimwona, kisha akatazama jua.

Tulifanya kazi. Tulichimba mbele ya magurudumu, tukalaza mbao, tukafunga kamba kwenye ndoano, tukavuta. Gari lilisogea kiasi cha kututia moyo, likarudi mahali pake. Tukavuta tena, ubao mmoja ukapasuka, na Landrova yetu yenyewe ikaanza kukaa. Mtani alikuwa ameacha mchezo, anasukuma kwa bega, khanga zimegeuka rangi ya udongo. Ilipofika alasiri nilijua. Nilikaa kidogo nikijifanya nakagua kamba, maana si neno jepesi kumwambia mtu aliyemwahidi mama yake.

"Ndugu yangu," nikasema, "gari halitoki leo."

Akamtazama mwenyekiti, na mwenyekiti akatazama viatu vyake.

"Kwa miguu je?" yule mwana akauliza.

Mtu wa baiskeli akasema kwa miguu jua lingetosha, lakini mbele kuna korongo, na tangu usiku limejaa. Mtu peke yake atavuka kwa shida. Watu wenye jeneza watateleza, maji yatamchukua.

Hapo ndipo dereva wangu, yule msemaji, alisema neno lililofaa. "Kamba si tunayo?"

Tukaenda. Jeneza mbele, mimi nyuma na kamba begani, nzito kwa maji. Korongoni niliifunga kwenye mkuyu wa upande wetu. Mtani akachukua ncha nyingine.

"Nilimsimamisha mimi," akasema kwa sauti yake mwenyewe. "Nitamvusha mimi. Nikienda na maji, mseme nilimfuata kwa mapenzi."

Aliingia maji yakamfika kifuani, akatokea ng'ambo, akaifunga kwenye mti na kuikaza kwa uzito wa mwili wake wote. Wabebaji wakapita mmoja nyuma ya mwingine, mkono mmoja kwenye jeneza, mwingine kwenye kamba. Katikati mmoja aliteleza. Jeneza likainama upande, na mwenyekiti, mtu mfupi, akainuka kwa vidole, maji yamemfika kidevuni. Bibi hakulowa. Hilo nimeliona.

Kaburi lilikuwa limechimbwa tangu asubuhi. Walimzika kando ya mumewe. Mtani alivua khanga akazikunja, zimelowa hivyo hivyo, akampa mtoto wa marehemu, akamwambia jogoo amemsamehe. Yule bwana wa Hale aliinama, akalia bila sauti.

Wapo waliosema tulimaliza jua bado lipo. Sitasema uongo, lilikuwa limeshazama. Mwenyekiti alikuwa ameligeuzia jua mgongo wakati wote wa dua, na alipogeuka alisema tu, "Twendeni wote pamoja, asibaki mtu."

Tuliporudi korongoni nilijaribu fundo. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, na katani imevimba kama mti. Panga lilikuwa kule mbugani, juu ya paa. Nikaiacha.

Kesho yake magari yote mawili yalitolewa na trekta. Mwenye gereji aliuliza kamba iko wapi, nikamweleza, akamaliza chai yake na kusema tusuke nyingine.

Watu walimlaumu mtani kwa gari lile, wengine walimlaumu dereva. Mimi nimewaza sana, na sijafika mahali. Kama asingejilaza pale, dereva angefika korongoni na jeneza ndani ya gari, na namjua, angejaribu kuvuka. Labda. Au labda angeona maji akageuza. Sitaki kumpa mtani sifa ambayo hakuitafuta, wala lawama ambayo siwezi kuithibitisha.

Vuli iliyofuata tulipita tena njia ile, tumeitiwa lori. Tulisimama upande wa mawe tukaenda kulitazama korongo. Kamba ilikuwepo, na katikati imelainika, inang'aa kwa kushikwa na mikono. Ng'ambo njia ya kwenda mahameni ilikuwa imefyekwa. Tulimkuta mwenyekiti akitokea kijijini na jembe, tukaamkiana, akatembea nasi mpaka kwenye gari.

"Kamba ile ni yenu?" akauliza.

"Ni yetu, mzee."

"Mbona hamuichukui?"

"Fundo halifunguki."

"Kisu je?"

"Kisu tumesahau," dereva wangu akasema.

Mwenyekiti alikuwa ameinua mkono, ameshika ukingo wa kichanja cha paa, karibu kabisa na mpini wa panga. Akaupigapiga kidogo kwa vidole, kama mtu anayewaza jambo jingine.

"Basi," akasema, "siku mkikumbuka kisu, mje."

Tukapanda. Nikaegemeza mgongo kwenye kiti, tukaenda kwenye lori. Dereva wake alikuwa amekaa juu ya mizigo, na kabla hatujamsalimu alituambia kwamba jana palikuwa pakavu.