Sekunde Kumi na Tano

Pale hospitali walimwita Mama Waya, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuhakikisha kompyuta zinaelewana. Alikuwa mwanamke wa haraka. Chai aliinywa ikiunguza, na ukianza kumweleza jambo, yeye alishalimaliza.

Nyumbani mumewe, fundi cherehani, alikuwa amepigwa na kiharusi. Tangu siku hiyo alishinda kando ya cherehani yake, kimya kama mtungi. Binti yao alishakata shauri.

"Mama, baba haelewi tena. Jumamosi nakuja kuitoa cherehani, tumpe jirani. Hapo pakae kitanda kikubwa."

"Umemuuliza mwenyewe?"

"Mara nne. Ananitazama tu."

Hata Mama Waya alikuwa amemuuliza, akatazamwa vilevile.

Ijumaa mkuu wa maabara akampigia simu. "Mama Waya, mashine yako ya damu imenuna. Majibu hayafiki wodini."

Alishuka mbio. Mashine ile hutuma majibu vipande vipande, kila kimoja na namba yake, na mwishoni hesabu ya kuhakiki. Kompyuta ya upande wa pili hujumlisha yenyewe. Hesabu zikilingana hujibu "nimepata", zisipolingana hujibu "rudia". Kipande kinachofuata hakitoki mpaka cha kwanza kijibiwe. Kimya kikizidi, mashine hurudia kipande kilekile, na ikirudia mara sita bila jibu, inahesabu kwamba waya umekatika.

Alifungua kumbukumbu za mashine, akasoma, akasoma tena. Kompyuta ilikuwa imejibu kila mara. Ilikuwa na kazi nyingi asubuhi ile, basi jibu lilitoka sekunde ya nane au ya tisa. Mashine yenyewe ilisubiri sekunde tatu tu.

"Nani mjinga aliyepunguza muda wa kusubiri?" akauliza.

"Wewe," mkuu akasema. "Wiki jana. Ulisema kumi na tano ni za wavivu."

Aliurudisha muda, majibu yakaanza kupita. Lakini hakuondoka. Alibaki ameketi, mkono mdomoni. Mkuu akadhani ameona aibu. Wala, alikuwa anamfikiria mumewe, na maswali ambayo yeye na binti yao humrundikia, la pili juu ya la kwanza, kisha wanainuka na kwenda zao.

Jumamosi binti alifika, mikono ya blauzi imekunjwa tayari. Mama Waya akamketisha.

"Leo ukifungua mdomo kabla sijamaliza kuhesabu, nitakufinya."

Akapiga magoti mbele ya mumewe. "Baba watoto. Cherehani itoke?"

Kisha akasubiri, akihesabu kimoyomoyo. Tatu. Nne. Saa ya ukutani ikasikika. Kwenye saba binti akavuta pumzi ya kusema, mama akamfinya kweli. Kumi. Midomo ya mzee ikaanza kuhangaika, kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano gizani. Kumi na mbili.

"Ha... pana."

Binti akajishika kifua. Mama Waya hakutaka kubahatisha, akamrudishia neno lake. "Umesema hapana, isitoke?"

Safari hii ilimchukua tisa. "Isi... toke."

"Baba," binti akasema huku akilia, "kumbe unanisikia? Kwa nini hukusema? Unataka ukae wapi, unataka..."

"Moja moja, mwanangu," mama akasema, akamsogezea kiti karibu na baba yake. "Uliza moja. Halafu hesabu."