Siku mama mkwe aliponiita kwa mara ya kwanza, kwa tabibu wa mgongo Lilongwe

Wakuu, habari za huko mliko. Mimi naishi kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, mzaliwa wa Bukavu, Kongo.

Humu naona mnaulizana kama mjamzito anaweza kwenda kwa chiropractor, yaani tabibu anayenyoosha mgongo kwa mikono. Sisi tulikwenda. Naandika nilichokiona, bila chumvi.

Ni enzi za simu za tochi. Mke wangu Nsimire ni mshonaji. Mimba ya kwanza ilikuwa imetoka, kwa hiyo ya pili tuliilea kama yai.

Mimba ilipofika mwezi wa sita, kiuno kikamkamata. Kugeuka kitandani hawezi. Akikaa kwenye cherehani, kuinuka ni mpaka avutwe mikono.

Alikuwa akiuza mikoba ya kitenge Lilongwe. Mteja wake mmoja, mama wa kigeni, akamwona ameshika kiuno. Akasema kazi yake ni migongo, aje amtazame bure.

Tulimuuliza mkunga kwanza. Akampima, akasema mtoto yuko salama, maumivu ni ya nyonga, aende tu. Akiona damu au maji, arudi haraka.

Kikwazo kikawa mama mkwe.

Niwaeleze kidogo. Katika familia yao, mama mkwe hamsemeshi mkwe moja kwa moja. Ni heshima. Akiwa na neno anampitishia binti yake, hata tukiwa chumba kimoja. Miaka yote ile hakuwahi kuniita.

"Nsimire, ambia bwana yako, habagusake mugongo ya mama mwenye mimba. Ile ya kwanza haikutosha?"

"Mwambie mama kwamba mkunga amekubali."

"Basi umuambie na mi nakwenda. Nitasimama palepale."

Tukaenda watatu.

Meza ya tabibu ilikuwa na tundu la tumbo na tundu la uso. Nsimire akalala kifudifudi, jambo ambalo hakuliweza kwa miezi, akashusha pumzi ndefu. Nilikuwa mkalimani, Kiingereza changu nimejifundisha kwa kamusi.

"Nsimire, ambia bwana yako aulize kama huyu mama iko na batoto."

Sauti ikatoka chini ya meza: "Mama, umuulize we mwenyewe! Mi niko huku chini!"

"Siwezi. Umuambie."

Tabibu alikuwa na watoto watatu. Jibu likapita kwangu, likaenda kwenye tundu, likarudi kwa mama.

Sasa, meza zile zina kipande kinachoinuliwa kidogo chini ya nyonga. Tabibu akisukuma, kinashuka kwa kishindo, ili mkono wake usitumie nguvu nyingi. Alinieleza, nami nilikuwa bado natafuta maneno ya kutafsiri alipokisukuma.

KRAA!

"Mukwe! Mukwe! Amemuvunja! Umutoe!"

Mama mkwe alikuwa amenishika shati kwa mikono miwili.

Halafu kicheko kikatoka chini ya meza.

"Mama, ni meza njo imelia. Mi niko muzima. Lakini umemuita!"

Mama mkwe akaachia shati, akajifunika uso kwa kitenge. Mabega yake yalikuwa yanatikisika kwa kucheka.

Tulirudi mara kadhaa. Maumivu hayakuisha yote, ila Nsimire aliweza kugeuka kitandani na kurudi kwenye cherehani. Kama ni mikono ya tabibu au ni mto aliomfundisha kuweka katikati ya magoti, siwezi kuapa.

Alijifungua kwa mkunga yuleyule, msichana. Nilikuwa nje. Mama mkwe akatoka na mtoto, akatazama huku na huku akitafuta wa kumtuma kwangu. Hapakuwa na mtu.

Akasogea.

"Mukwe," akasema, "shika mutoto yako."

Nilichojifunza: mkunga aulizwe kwanza, tabibu awe amesomea kazi hiyo na ajue mimba ina miezi mingapi, na sauti ya meza ielezwe kabla ya kusukumwa, hasa kama mama mkwe yupo.

Waliopitia, leteni ya kwenu. Na ninyi msiosemeshwa na mama mkwe: kimya chenu kilivunjwa na nini?