Kopo la Mzee Ukoka

Kwa miaka thelathini na mmoja, ua wa hospitali ile ulitandikwa ukoka uliolala kama zulia, na mtunzaji wake hakuitwa jina lingine ila Mzee Ukoka. Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini ukigusia mbolea, ulimi wake ulifunguka.

"Gunia lina namba tatu," alizoea kusema. "Ya kwanza ya majani, ya pili ya mizizi, ya tatu ya kuupa mmea uvumilivu. Ukoka hupenda ya kwanza. Ila namba ikiwa kubwa, kipimo kipungue; ukiulisha kwa pupa, umeuua."

Kusema kweli, namba hizo alisomewa na mkewe, muuguzi wa wodi ya wanawake, maana macho ya mzee yalianza kumtupa mapema. Mke alisoma, mume akapima kwa kopo lake la maziwa. Mke alipougua, akalazwa katika wodi ileile, na kila asubuhi mumewe alimtandikia mkeka ukokani apate jua. Hapo ndipo walipoagana.

Mwaka uliofuata ukoka uligeuka manjano. Matroni akamwita.

"Mzee wangu, wakubwa wanataka kusakafia hapa, magari yapate pa kusimama."

"Nipe wiki tatu, binti yangu."

"Haya. Ukoka ukirudi kijani, nitakutetea. Usiporudi, sitakuwa na la kusema."

Stoo kulikuwa na gunia jipya. Aliinama, akakodoa macho. Katika namba ya kwanza, sita aliiona, tarakimu iliyoitangulia ilikuwa ukungu mtupu. Akaisoma mbili, kwa kuwa miaka yote ilikuwa mbili. Ishirini na sita. Alipochota, vidole vilimnong'oneza kwamba chembe hizi ni ndogo kuliko alizozizoea. Mlinzi wa lango, mtani wake wa siku nyingi, aliketi hatua chache tu kutoka pale, macho yake mazima. Lakini kumwomba mtani wako akusomee ni kumpa fimbo ya kukuchapia mwaka mzima. Mzee akajaza kopo lilelile, akamwaga kipimo kilekile. Mabomba yalikuwa makavu siku hiyo, maji ya kuiyeyusha mbolea hakuna. Akayategemea mawingu, nayo yakapita zake.

Siku ya tano, ukoka ulikuwa na rangi ya chai.

"Mtani," mlinzi akapaza sauti, "nilidhani unaulisha, kumbe unaukaanga!"

Mzee hakucheka. Mlinzi akaingia stoo, akatoka polepole.

"Ni arobaini na sita, mtani. Imeandikwa kubwa kama mlango."

"Arobaini?"

"Na sita. Kwa nini hukuniita?"

"Ungenicheka."

"Ningekucheka, ndiyo. Halafu ningekusomea."

Alimwagilia kwa ndoo siku kumi. Ukoka uling'oka mkononi mwake kama nywele za mgonjwa. Matroni alipokuja hakugomba. Alisema tu, "Pole, baba," na mzee akatamani angegomba.

Jumatatu mafundi walifika, wakamwomba awaonyeshe bomba linapopita. Akawaonyesha. Kisha akasimama mahali pamoja, karibu na dirisha la wodi.

"Fundi, hapa huwezi kuniachia kidogo? Upana wa mkeka mmoja tu."

Fundi aliitazama ramani yake, akamtazama mzee, akairudia ramani.

"Hapo ndipo litakaposimama gari la wagonjwa, mzee wangu."

Mzee Ukoka akaitikia kwa kichwa taratibu, kopo lake kwapani, akasogea kando wapate kupima.